Hesabu ya Wiki ya Kulungu

Mimi ndiye niliyehesabu yale magari. Nalisema mapema, kwa sababu kule ofisini New York tulikuwa hodari wa kusema "mfuko umeamua", kana kwamba mfuko una macho na miguu. Mfuko huo wa uwekezaji ulikuwa Grantley Pruett mwenyewe, dola zake milioni mia mbili, pesa za wateja mara nne ya hizo, na sisi wachambuzi tisa tuliokula chakula cha mchana bila kuinua vichwa. Kazi yetu ilikuwa kununua hisa za kampuni iliyozembea, hisa za kutosha mtu kusikilizwa, kisha kuipigia kelele mpaka ibadilike. Hisa zikipanda, tunauza na kuondoka. Pruett hakuwahi kuweka pesa ya mteja mahali ambapo yake haikutangulia, na bonasi zetu alizitia humo humo. Alisema anataka tuumwe tumbo pamoja.

Novemba ile alinituma Kestrel Falls, Wisconsin, kwenye kiwanda cha pampu cha Brandvold. Karatasi za kampuni zilisema kina wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili.

"Karatasi zinadanganya, Renata," akaniambia. "Nenda ukakae nje ya geti, uhesabu magari. Hakuna mtu kule anayekwenda kazini kwa miguu."

Nilikaa siku tatu ndani ya gari la kukodi, miguu imekufa ganzi. Jumatatu niliona magari arobaini na moja, Jumanne thelathini na manane, Jumatano arobaini. Nilifurahi, sifichi. Nilijiona mpelelezi.

Mchana nilikwenda kuota joto kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, wa mama mmoja aitwaye Darlene, mwenye sauti nene na mkono mwepesi wa kumimina kahawa.

"Mwanangu, mbona unashinda garini kama askari kanzu? Mume kakukimbia?"

Nje walikuwa wakipita wanaume waliovaa makoti ya rangi ya machungwa. Nikadhani ni vibarua wa barabara, na uongo ukanijia hapo hapo. "Natoka idara ya barabara. Nahesabu magari yanayopita huku."

"Afadhali! Mashimo yametumaliza. Kula pai hii, na usithubutu kulipa."

Nikala.

Januari Pruett aliiandikia bodi ya Brandvold barua, akaitoa magazetini siku hiyo hiyo. Kampuni inalipa watu mia tatu, aliandika, kwa kazi inayofanywa na arobaini. Ushahidi wake ulikuwa hesabu yangu ya magari. Kiwanda kifungwe, pampu zitengenezwe na wengine kwa bei nafuu, na yeye apewe kiti kwenye bodi. Hisa zikaruka. Wenyehisa wangepiga kura Aprili.

Machi alinirudisha kupiga picha za maegesho matupu. Nilipofika sikupata hata pa kugeuzia gari. Magari yalijaa mpaka juu ya theluji. Nilihesabu mara mbili: mia mbili na tisini na kitu. Nikavuka barabara kwenda mgahawani.

"Mama Darlene, kuna sherehe gani kiwandani?"

"Sherehe? Watu wako kazini, mwanangu."

"Lakini nilipokuja Novemba palikuwa patupu."

"Novemba lini?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akaweka birika chini. "Wiki ya kulungu! Weee! Kiwanda kizima kilikuwa msituni na bunduki! Wiki ile hata mchungaji anahubiria viti. Hukuwaona na makoti yao ya machungwa? Kwenu hamwindi?"

"Kwetu tunanunua nyama dukani."

"Maskini wee." Kisha kicheko kikamkatika, akanishika mkono. "Ngoja. Hiyo ndiyo hesabu uliyowapelekea wakubwa zako? Wakiona magari arobaini hawatatupa lami hata ya kuziba shimo moja. Waambie umehesabu wiki mbaya. Niahidi."

Nilimwahidi.

Na kweli nilimwambia Pruett, kesho yake, akiwa anakula mkate wake wa samaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Tulinunua kwa dola kumi na nane, leo ni ishirini na sita. Tukisema tumekosea, kesho ni kumi na tano. Pesa zangu, za wateja, na bonasi zako za miaka mitano, Renata. Unazikumbuka?"

"Lakini hesabu si ya kweli, Bosi."

"Magari yalikuwa arobaini au hayakuwa arobaini?"

"Yalikuwa. Ila watu walikuwa—"

"Basi ni ya kweli. Nenda kale."

Siku ya kura, kwenye hoteli moja Chicago, meneja wa kiwanda alisimama. Aliitwa Lyle Torgerson, na suti yake ilikuwa ya kuazima, mikono mifupi. Alikuwa ametuandikia mara tatu kuuliza tarehe ya hesabu ile, na hakuna aliyemjibu. Sasa alinitazama mimi, niliyeketishwa kando ya Pruett kama shahidi wa hesabu.

"Dada, watu wangu mia tatu wanasubiri kule. Nina swali moja tu. Ulihesabu tarehe ngapi?"

Pruett hakugeuka hata kunitazama. Alijua bonasi zangu zilipo. Mimi ni mtu anayekumbuka bei ya hisa ya miaka kumi nyuma hadi senti.

"Sikumbuki tarehe," nikasema.

Torgerson akaketi. Tulishinda kura. Agosti kiwanda kikafungwa, hisa zikafika thelathini na moja, tukauza. Bonasi zangu nilizipokea zote. Oktoba niliacha kazi, na nisijidai hapo: mtu mwenye pesa huacha kazi kwa urahisi.

Novemba nilikwenda Kestrel Falls kwa gari langu mwenyewe. Geti lilikuwa na mnyororo. Nilihesabu kwa mazoea, na hapakuwa na la kuhesabu. Nilikwenda kumwambia Darlene ukweli wote. Mgahawani alikuwa peke yake, nusu ya taa amezizima.

"Mtu wa barabara! Keti, mwanangu, umepauka." Akamimina kahawa. "Eti, uliwaambia wakubwa zako?"

Nikashika kikombe, na ule ukweli niliokuja nao nikauacha.

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Hesabu ibaki ilivyo."

Akasonya, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Kilikuwa na joto. Niliona aibu kiasi cha kutamani anitemee mate.

"Basi wewe umefanya lako," akasema. "Usijitese."

Akanikatia pai, akakataa pesa yangu. Nikala, yeye akiwa amesimama pale pale ahakikishe namaliza.