Namba ya Shangazi

Simu ilimkuta Ummulkheir jikoni kwa madam wake, Al Barsha, akimenya iliki.

"Naongea na Fairuz?" Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Tanzania, haraka kama mtu mwenye chungu motoni.

"Fairuz ni mtoto wa ndugu yangu."

"Basi mwambie kesho baada ya adhuhuri aje Al Ras, karakana ya mabuibui ya Bwana Msellem. Ashone mbele ya bwana mwenyewe. Khalas, mama." Simu ikakatwa.

Ummulkheir alibaki na iliki mkononi. Fairuz alikuwa Mombasa, Kibokoni, nyumbani kwa mamake. Dubai hajaikanyaga hata kwa ndoto. Akamtumia ujumbe wa sauti, na jibu likaja kabla hajamaliza kunawa.

"Shikamoo shangazi, usinikasirikie. Tangazo la kazi lilisema wanataka waliopo nchini tu, wa mbali wasijisumbue. Ningeandika namba ya Kenya wangenitupa kabla ya kusoma jina. Wote hufanya hivyo, waandika namba za jamaa zao wa huko. Waambie tu naumwa, nitakuja Jumapili. Mama ashapata mnunuzi wa cherehani, aja kesho alasiri, na hiyo ndiyo tikiti na viza ya matembezi. Sema nipo, shangazi. Jumapili nitakuwa nipo kweli."

Cherehani! Ummulkheir alikaa kwenye kibao cha jikoni. Cherehani lile alilinunua marehemu kakake, babake Fairuz, na tangu azikwe ndilo lililokuwa baba wa nyumba. Lilipika, lilisomesha, lililipa kodi. Likiuzwa na kazi isipatikane, Fairuz na mamake Kijakazi watashika nini? Na Ummulkheir aliishi Dubai miaka ya kutosha kuwaona wasichana waliokuja kwa viza ya matembezi. Hucheka wiki ya kwanza. Siku zikiwaishia, huanza kupita kando ya kuta wakikwepa polisi.

Alimpigia wifi yake kumwambia asiuze, asubiri. Kijakazi akajibu, "Wifi, nisubiri nini? Wewe una kazi ya kumpa?"

Hakuwa nayo.

Kesho yake aliomba ruhusa. Bahati, madam alikuwa anataka zaafarani na ndimu kavu za Al Ras, basi akampa mchana mzima. Ndani ya treni alivuta tasbihi kimyakimya, na moyo wake ukawa unabishana naye kituo hadi kituo. Akisema mtoto yupo, anaumwa tu, cherehani litauzwa leo hii. Akisema hayupo, mlango utafungwa, na Fairuz atamwita shangazi mwenye roho mbaya hadi siku ya kufa. Lakini tangu afiwe na mumewe, miaka tisa sasa, Ummulkheir alikuwa amejiwekea jambo moja: asifanye lolote ambalo ataona haya kulitaja akiwa juu ya msala. Na njia ya mwongo ni fupi, hasa kwa mwongo mwenye kitambulisho kinachomtaja kafeel wake, yule aliyemdhamini nchini.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viungo, na harufu ya bizari ilipanda ngazi pamoja naye. Mlangoni alisimama yule mwanamke wa simu. Jina lake Auleria, mnene, utepe wa kupimia shingoni. Kwenye benchi walikaa wanawake watatu wakisubiri zamu ya kushona.

"Karibu mama. Fairuz yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kachelewa?"

"Yuko Mombasa."

Benchi zima likaangua kicheko. Mganda mmoja, Proscovia, akasema, "Eh, mama! Basi umemleta kwenye pochi?"

"Nimekuja kusema ukweli wake," Ummulkheir alijibu. "Namba ni yangu. Msimsubiri."

Auleria alimtazama, akatikisa kichwa. "Mama, ungesema hili kwenye simu ukabaki jikoni kwako."

"Kwenye simu ningesema, mungekata. Na nina swali kwa bwana."

Alisubiri. Mmoja baada ya mwingine, wanawake waliingia, cherehani likalia, wakatoka. Ilipofika zamu yake, jua lilikuwa limeshapinda dirishani.

Bwana Msellem alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa huku akiwa mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha kwao.

"Kaa kitako, bibi. Nambiwa una swali."

"Bwana, yule mtoto amekosa kuweka namba isiyo yake, na mimi nimemwambia. Lakini wewe nawe, ni haki kumfungia mtu mlango kwa sababu ya mji aliolala? Hujaona hata kazi yake."

Auleria alikohoa. Msellem hakukasirika.

"Haki ninayo, bibi. Karakana yangu, viza nalipia mimi. Mwaka jana nilileta mafundi wawili kwa picha za simu. Picha nzuri, mashaallah! Nikangoja miezi, maharusi wakanisuta. Walipofika, pindo hawajui kulikunja. Zile nguo zilishonwa na watu wengine. Toka hapo nikasema, waliopo nchini tu. Nataka kuuona mkono unavyokwenda."

"Nimekuelewa," Ummulkheir alisema, na kweli alimwelewa. Akainuka. Alipokuwa anajifunika vizuri, Msellem akakaza macho kwenye buibui lake. Hakumgusa. Alimwashiria Auleria, naye akapindua ncha ya mkono wa buibui chini ya taa.

"Uzi hauonekani," Auleria alisema taratibu. "Mbele wala nyuma. Bwana, tazama."

"Nani kakushonea?" mzee aliuliza.

"Fairuz. Nalivaa mwaka wa pili."

"Linafuliwa kwa mashine?"

"Kila wiki."

Msellem alitazama lile pindo mpaka Ummulkheir akaona haya. "Wengine wangenambia hivyo, ningecheka," alisema. "Lakini wewe umekuja mpaka hapa kumfungia mtoto wako mlango kwa mkono wako mwenyewe. Nitakuitaje mwongo?" Akageukia Auleria. "Nafasi ya sasa mpe yule Mganda, anashona vizuri, naye yupo. Baada ya Idi nataka fundi mwengine. Huyu wa Mombasa nitamwombea viza ya kazi mimi, na tikiti nitatuma. Asije na viza ya matembezi, nisimwone. Na kila siku ashone, mkono usilale."

Cherehani! Hapohapo adhana ya alasiri ikapanda kutoka msikiti wa jirani.

"Mnunuzi wa cherehani lao anakuja alasiri," Ummulkheir alisema. "Washaliuza!"

"Alasiri ya wapi?" Auleria aliuliza. "Mombasa bado, mama. Wako nyuma yetu saa nzima. Piga!"

Alipiga kwa salio lake lote, huku Auleria akitoka kumpa Proscovia barua yake ya kazi. Kijakazi akapokea.

"Wifi, usiuze! Mtoto amepata kazi, ya viza na tikiti, baada ya Idi. Bwana anataka aendelee kushona!"

Kikasikika kilio kidogo, halafu sauti ya Kijakazi ikimwambia mtu, "Baba, kunywa kahawa yako, lakini cherehani halitoki. Limepata kazi Dubai."

Nyuma yake Fairuz alikuwa anapiga vigelegele.

Nje, Proscovia alikuwa ngazini, barua mkononi, anatabasamu peke yake. "Mama wa pochi! Na wewe umepata?"

"Nimepata, alhamdulillahi."

Aliswali alasiri kwenye msikiti wa jirani, upande wa wanawake, na sijda ya mwisho akaikawiza kidogo. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za treni, mwepesi kama aliyetuliwa gunia, alipokumbuka zaafarani na ndimu kavu za madam. Akacheka mwenyewe, akarudi sokoni.