Daftari la Waliokamatwa

Kwa miaka kumi na tisa Mama Faili ndiye aliyeajiri watu katika bohari ile ya dawa, na alijisifu kwamba hajawahi kuingiza mwizi. Siri yake ilikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, karani wa polisi. Mwombaji kazi akifika hatua ya mwisho, Mama Faili humpigia shemeji simu, akamtajia jina na namba ya kitambulisho, na shemeji akafunua daftari. Fomu ya bohari ilikuwa na mahali pa mwombaji kutia saini, kukubali historia yake ichunguzwe. Mama Faili alipaona kama pambo tu. Nani humwomba panya ruhusa ya kumtegea?

Hivyo ndivyo alivyomkatalia kazi mtunza ghala mmoja. Mtu wa makamo, mpole, anayejua majokofu ya chanjo kama anavyojua jikoni kwake. Alipotoka kwenye usaili hata mkurugenzi alikuwa anatabasamu. Kisha shemeji akapiga simu.

"Dada, huyo alikamatwa. Wizi wa dawa, kazini kwake kwa zamani."

Mama Faili akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni ya fomu: Mwizi. Barua aliyomwandikia ilisema nafasi imejazwa. Lisemwalo lipo, basi kuuliza kwa nini?

Kilichomponza ni mdomo. Mwajiri mwenzake wa kampuni nyingine alipomuuliza habari za mtu yuleyule, Mama Faili akamwambia asimguse, ni mwizi. Yule mwenzake, muungwana kuliko yeye, alimweleza mtunza ghala alichoambiwa na aliyemwambia. Wiki iliyofuata ikaja barua ya madai, na nyuma yake akaja wakili wa bohari, binti mdogo kuliko kitindamimba wa Mama Faili.

"Mama, mlimchunguza bila saini yake," wakili alisema. "Hamkumwonyesha mlichokipata ili ajitetee. Halafu mkamtangaza."

"Lakini alikamatwa kweli."

"Alikamatwa. Yeye ndiye aliyeripoti wizi, polisi wakazoa wafanyakazi wote wa ghala, naye akiwemo. Siku ya nne wakamwachia, akawa shahidi. Hukumu ninayo hapa."

Wakili alipoondoka, Mama Faili alimpigia shemeji simu.

"Dada, daftari langu ni la waliokamatwa," shemeji alijibu. "Walioachiwa wako daftari jingine, ofisi nyingine kabisa. Hukuwahi kuniuliza."

Alikuwa bado ameshika simu mkurugenzi alipoingia na kufunga mlango. "Hiyo fomu ipotee," alisema. "Ujaze nyingine. Tutasema alishindwa usaili. Au unataka tufungashe virago wote?"

Mama Faili alibaki na fomu mezani. Akiitoa, bohari ingelipa, yeye angefukuzwa akiwa amebakiza miaka miwili astaafu, na shemeji angeburuzwa pamoja naye. Mdogo wake asingemsamehe. Akiichana, yule mtu angebaki mwizi maisha yake yote, na kila mlango ambao angebisha hodi ungefungwa mbele yake. Alichukua fomu mpya. Akaandika jina. Alipofika kwenye alama za usaili mkono ukagoma. Alikuwa amempa tisini na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, na katika miaka yote ile, pamoja na ukaidi wake wote, hakuwahi kubadili tarakimu ya mtu. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akaichana ile mpya.

Kabla ya kikao cha kusikiliza madai alikwenda kwa mdogo wake, akamweleza uso kwa uso atakachokisema. Mdogo wake hakumkaribisha kiti.

Kwenye kikao mtunza ghala alikaa upande wa pili wa meza, shati limepigwa pasi, wakili wake kando. Mama Faili alimsogezea fomu kabla mkurugenzi hajakohoa.

"Neno hilo jekundu nimeliandika mimi," alisema. "Nilimtuma shemeji yangu achungulie daftari bila ruhusa yako, na sikukuuliza. Nisamehe."

Mkurugenzi alifumba macho. Mtunza ghala alilisoma lile neno kwa muda mrefu, ingawa ni neno fupi sana. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mama Faili zaidi.

"Huyo shemeji umemtumia tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Basi mimi ni wa ngapi?"

Mama Faili alijaribu kuhesabu. Alimkumbuka dereva mmoja aliyerudi mara tatu kuuliza kama nafasi imepatikana tena. Alimkumbuka mama wa usafi aliyeomba aambiwe tu kosa lake, akajibiwa kwamba hana kosa.

"Sijui," alisema.

Mtunza ghala aligeuza ile fomu upande mweupe, akaweka kalamu juu yake.

"Anza na wale unaowakumbuka."