Tundu Lililokataa Povu

Nyumba yetu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, ilikuwa na kuta tatu tulizojenga wenyewe kwa matofali ya udongo, na ukuta mmoja tulioukuta. Huo wa nne ulikuwa wa gereza la zamani. Nyuma yake kulikuwa na chumba walimofungiwa watu wa nchi hii enzi zile, na mlango wake ulizibwa kwa saruji kabla sisi hatujafika. Upande wa pili wa chumba hicho aliishi mama Fidès, mjane wa Kirundi. Tulikuwa majirani, ila katikati yetu palikuwa na chumba kisicho na mtu.

Baridi ya huku ndiyo iliyonichukulia Byamungu, mtoto wangu wa kwanza, mwaka ule tuliofika kutoka Uvira, Kongo. Upepo uliingia kwenye kila ufa, kifua kikambana, basi. Alipozaliwa Maombi niliapa kwamba huyu haitamgusa. Kule kwetu vita ya pili ilikuwa imeshawaka, kurudi hakukuwepo. Mtoto angekulia humu humu.

Mume wangu Wilondja alikuwa na kibarua Lilongwe, Old Town, kwa mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa anajenga stoo ya baridi. Siku za kazi alilala Chinsapo, mtaa wa huko huko mjini. Jumamosi moja alirudi na makopo ndani ya mfuko.

"Mama Maombi, kuya uone dawa ya baridi."

Alitikisa kopo, akabana. Povu la rangi ya siagi likatoka kama ulimi, likaingia kwenye ufa, halafu likaanza kuvimba lenyewe, taratibu, mpaka likajaza pembe yote. Nilirudi nyuma.

"Baba Maombi, iko inakomaa! Iko na roho ndani?"

"Iko na hewa tu. Vitundu vidogo vidogo, kila moya imefunga hewa yake. Njo maana baridi haipite. Ku kazi tunapuliza na mashini, ku kuta na chini ya bati. Bosi anasema mashini ya baridi itakuwa inapumzika, umeme italiwa kidogo. Kule tunafungia baridi ndani. Hapa tutafungia moto."

Tuliziba chini ya bati, tukaziba dirisha na kingo za mlango. Likabaki tundu moja kwenye ukuta wa gereza, chini, karibu na mkeka wa mtoto, pana kama vidole viwili. Tundu hilo lilikuwa na tabia yake. Hata siku ambayo nje hakuna jani linalotikisika, lilitoa hewa: ikija, ikikatika, ikija.

Mama Fidès alikuwa amesimama mlangoni anatazama. "Yote muzibe. Ile muache."

"Juu ya nini, mama?" nikamuuliza.

"Mi nimekaa na ile chumba miaka. Iko mutu anapumulia pale."

Wilondja akacheka. "Kumbe muko na mupangaji! Analipa?"

"Cheka, mwana wangu. We ulifungiwa siku gani?"

Wilondja akaliziba. Tulilala joto hata nikasukuma blanketi. Asubuhi tundu lilikuwa wazi, na punje za povu zimetapakaa juu ya nguo za Maombi. Akaliziba tena kabla ya kwenda Lilongwe. Likafunguka tena. Nikaenda kwa mama Fidès na hasira yangu.

"Mama, ni we unanitobolea ukuta?"

Aliinua mikono yake, viungo vimevimba. "Hii mikono hata ugali inashindwa kuviringa. Na ningepitia wapi? Rudi uangalie, ile uchafu iliangukia upande gani."

Nilirudi nikaangalia. Uliangukia kwetu. Kitu kilikuwa kimesukuma kutoka kule.

Likaja lile juma la manyunyu, anga imeshuka mpaka kwenye mabati. Adhuhuri Maombi akakohoa. Nilikijua kikohozi kile; kilikuwa cha kaka yake. Nikamwaga kopo zima la mwisho kwenye tundu, lilipokauka nikaegemeza tofali juu yake. Nikaingiza mbaula, jiko letu la makaa, nikainjika maji ya nsima, ugali wa huku, nikafunga mlango.

Kwa mara ya kwanza nyumba yangu ilikuwa imeziba yote. Nilikuwa nimeizoea pumzi ile kuliko nilivyodhani. Bila yake masikio yalivuma. Maombi akaacha kukohoa. Nikamshukuru Mungu, nikajilaza kando yake.

Kichwa kikawa kizito. Maji yalichemka yakafurika, nikauambia mguu wangu uinuke, haukunisikia. Nikataka kumgusa mtoto. Mkono nao ukakataa. Makaa yalikuwa na vimoto vya buluu, vizuri mno, na mimi navitazama tu.

Ndipo nikasikia tofali likianguka.

Hewa ya baridi ikanipiga usoni, hewa yenye harufu ya saruji ya kale. Halafu mlango ukasukumwa kwa kishindo, na mama Fidès akambeba Maombi mpaka nje kwenye manyunyu. Nikatambaa nyuma yao. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Mama Fidès akampulizia usoni, akamsugua mgongo, akamwita jina. Maombi akatapika, kisha akalia, na sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

"Nimekuja, nimekuja!" mama Fidès alihema. "Unagonga ukuta yangu kama polisi!"

"Sikugonga, mama."

"Uligonga! Ukuta ya ile chumba. Bila kupumzika."

"Sikuweza kuinua hata kidole."

Tukatazamana, mvua inatuingia shingoni. Kisha akamfunika Maombi kwa kitenge chake, akageukia ule ukuta.

"Zikomo," akasema. Aliwaambia asante kwa Kichewa, si kwa Kirundi wala kwa Kiswahili, kwa sababu waliofungiwa mle walikuwa watu wa hapa.

Wilondja aliporudi nilimsimulia yote. Hakucheka. "Hewa mubaya ya makala ya mbaula njo ilitaka kubauwa nyinyi. Ku kazi, nyumba ikifungwa vile, banaachaka bomba ya kupumulia. Mi nilisahau."

"Na tofali, nani aliisukuma?"

Akachukua bomba la plastiki, akaanza kulikata. Kipande kimoja alikiweka juu, chini ya bati, kingine kwenye lile tundu. Mbaula haikuingia tena ndani. Na nyumba ikabaki na joto lake. Maombi alimaliza majira yote ya baridi bila kikohozi.

Sasa anatambaa. Kila asubuhi anakwenda moja kwa moja kwenye bomba la chini, anaweka mdomo, anapuliza. Halafu anasubiri, anacheka, na nywele za paji la uso wake zinapepea.

Simkatazi. Kwa kuwa yeye bado hajui kusema, nasema mimi kwa niaba yake: zikomo.