Dawa Isiyotajwa

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Kaka yangu Amosi alikuwa shimoni anakochimba dhahabu hapa Nyarugusu, kwa hiyo ni mimi niliyemsindikiza mkewe Dorah kituo cha afya, na njia nzima nilimgombeza bodaboda apunguze mwendo. Dorah alishapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa imefika, na pale nyumbani hata kukohoa tulikohoa kwa adabu.

Kituoni, kabla hujamwona nesi wa wazazi, unapita kwa Mama Maduhu. Huyu ni mganga wetu wa miaka yote, sema siku hizi halmashauri imemsajili, ikampa koti jeupe na kiti mlangoni mwa wodi. Kazi yake ni kuwauliza wajawazito wamekunywa mitishamba gani, maana manesi walichoka kudanganywa. Wazo zuri, jamani, nani atalikataa? Shida ni kwamba alipovaa koti kama la manesi, watu wakaanza kumdanganya naye.

"Ng'wanone, mwanangu," alimuuliza Dorah, "umekunywa dawa yoyote ya kuongeza uchungu?"

"Hapana, mama."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli."

Nikamwamini. Mama Maduhu naye akamwamini. Nesi Agnetha alipoona uchungu umelegea, akamtundikia dripu ya kuusukuma.

Loo! Haukupita muda, Dorah akaanza kujinyonganyonga. Uchungu haukuja na kuondoka kama tunavyoujua sisi tuliozaa, ulikuja ukakaa. Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Akanivuta kitenge.

"Wifi, kwenye beseni, chini ya khanga, kuna kichupa. Nipe nimalizie."

"Kichupa cha nini?"

"Dawa. Mama aliniletea kutoka Buseresere, nainywa tangu alfajiri. Usiitaje, wifi, nakuomba. Haitajwi mpaka mtoto alie. Ikitajwa, mtoto anabaki kimya."

Mwiko huo naujua. Nami mama yangu alininywesha, nikanyamaza, na wanangu wote walilia. Lakini mimi sikutundikiwa dripu. Nilimtazama Dorah, midomo imempauka, macho yamegeuka, nikaona namkosa yeye na mtoto kwa pamoja. Nikapiga kelele wodi nzima ikashtuka.

"Nesi! Nesi, kanywa dawa ya kienyeji!"

Agnetha akafunga dripu hapo hapo. Mama Maduhu akakinusa kichupa, akashika kichwa. "Mungu wangu, hii peke yake ingetosha." Wakamkimbiza chumba cha upasuaji, mimi nikabaki kwenye benchi nimekumbatia beseni.

Daktari alituambia kizazi kilikuwa kimeanza kuchanika. Tungechelewa kidogo, tungemzika mama. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, nywele tele. Hakulia. Amosi alifika na udongo wa shimoni bado masikioni, akampokea mwanawe kwenye khanga, akaniuliza amfunike vipi. Nililia mimi, nililia jamani, mpaka sauti ikanikauka.

Dorah aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mama Maduhu alikuja kumwona bila lile koti, akakaa naye kitandani. Akamweleza taratibu kwamba dawa na dripu vilikutana tumboni, na mtoto alishachoka kabla sijafungua mdomo. Akamwambia mwiko ule wazee waliuweka kwa kuogopa kijicho cha majirani, basi, hakuna zaidi. Dorah alisikiliza, akaitikia "ndiyo, mama" kila palipostahili. Nikapumua, nikadhani ameelewa.

Mganga alipoondoka nilimpelekea Dorah uji. Maziwa yalikuwa yamemjaa, gauni limelowa kifuani. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa kumtonesha kidonda.

"Pole, wifi yangu," nikasema. "Kunywa upate nguvu."

Hakukipokea kikombe.

"Esta," akaniita. Tangu aolewe kwetu alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Ungevumilia kidogo tu. Alikuwa anakaribia kulia."