Karibu ya Pili

Palikuwa na fundi wa makufuli ambaye mtaa mzima ulimwita Komeo, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Makufuli yake yalikuwa na sifa moja: ukiyabana yanajifunga yenyewe, tak! bila ufunguo, na yakishajifunga hakuna waya wala msumari wa kuyadanganya. Wezi wenyewe walipopita mlangoni kwake walimwamkia kwa heshima zote.

Mkewe alipokuwa hai, sanduku la chakula pale sebuleni halikuwa na kufuli. Tena mama huyo alikuwa na tabia iliyomkera mumewe. Wakiwa wanakula, mlango wazi, akatokea mpita njia, alisema "Karibu!" kama watu wote wasemavyo. Yule mtu alijibu "Asante, nimeshiba," kama watu wote wajibuvyo. Basi hapo wengine huendelea na tonge zao. Yeye hapana. Alitua tonge, akamtazama mtu usoni, kisha akasema tena, taratibu: "Karibu." Na mara nyingi yule aliyeshiba aligeuka akavua viatu.

"Ya kwanza inatosha," Komeo alinung'unika. "Hiyo ya pili ya nini?"

Mkewe alicheka tu. Alifariki bila kumjibu. Mwezi haukwisha tangu azikwe, Komeo akalitia sanduku kufuli, kubwa kuliko yote aliyowahi kuunda.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha mpaka mto ukabeba daraja. Mtaa ukakatika na soko, maduka yakafungwa, na majirani wakahamia mlimani kwa jamaa zao. Komeo hakuhama. Binti yake alikuwa amejifungua siku tisa tu zilizopita, na mume wa binti alikuwa amekwama ng'ambo ya mto. Ndani ya sanduku kulikuwa na mchele kidogo, unga wa uji, sukari na mikate miwili.

"Wewe ukila, mtoto amekula," Komeo alimwambia bintiye. "Usipokula..."

Mchana wa siku ya nne tangu daraja libebwe walikuwa mkekani, wali mbele yao, mlango wazi ili mwanga uingie. Akapita mwanamume asiyemjua, suruali imelowa hadi mapajani, mfuko wa turubai begani. Ulimi ukamponyoka Komeo.

"Karibu!"

"Asante, mzee," mgeni akasema. "Nimekaribia." Akavua viatu, akaketi.

Komeo akabaki ameshika tonge hewani. Binti akainamisha uso kuficha kicheko, akasogeza sahani. Mgeni alikula kwa adabu, tonge ndogondogo, lakini Komeo aliiona kila moja ikipanda na kushuka, na kila moja aliiona ikitoka kinywani mwa mjukuu wake.

"Daraja hakuna," mgeni akasema. "Nitabaki mtaani kwenu mpaka maji yapungue. Ngoja ninawe mikono."

Mpaka maji yapungue! Mgeni alipotoka tu kwenda kwenye pipa la maji, Komeo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akazoa sufuria yenye wali uliobaki, mfuko wa unga, sukari, mkate mmoja na nusu, vyote akavitupa sandukuni. Akabana kifuniko. Tak!

"Baba, jamani!" binti akanong'ona.

"Nyamaza."

Mgeni akarudi, akautazama mkeka mtupu, akalitazama sanduku, akamtazama mwenyeji wake.

"Ndicho hicho tu tulichokuwa nacho, bwana," Komeo akasema.

"Nimeshukuru sana, mzee." Akachukua mfuko wake. Mlangoni, binti alimtilia kitu mkononi, na Komeo akajifanya hakuona. Mgeni akavuka barabara, akaketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa.

Jioni Komeo akainuka ampikie mzazi uji. Akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. Akainua mkeka. Akaligeukia sanduku.

"Baba, nini?"

Komeo alikuwa ameukumbuka mlio. Alipotupa ule mkate alisikia kitu kikilia cheng! kwenye sufuria, naye kwa haraka hakujali. Ilikuwa pete ya funguo iliyokuwa kidoleni mwake. Ufunguo wa sanduku, wa karakana yenye nyundo na tupa zake, wa kabati, zote zilikuwa ndani, zimelala juu ya wali.

Akaleta kisu cha jikoni, kikavunjika. Akaleta kijiko, kikapinda. Akapiga kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikatoka damu, na kufuli likabaki liking'aa vilevile. Karakana nayo ilikuwa na nondo madirishani. Alikuwa amelifanyia kazi kufuli lile wiki nzima, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba kazi yake iwe mbovu.

Usiku huo binti alikunywa maji matupu. Kulipopambazuka mtoto alishika titi, akaliachia, akalia. Akashika tena, akaliachia. Kilio kilikuwa kimeanza kukauka.

"Hayatoki, Baba," binti akasema. Hakulaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Komeo akatazama nje. Mgeni alikuwa bado kibarazani, mfuko magotini, anatoa patasi moja baada ya nyingine akizifuta unyevu. Seremala! Alikaa naye mkeka mmoja wala hakumuuliza kazi yake.

Akavuka barabara, matope hadi kwenye vifundo. Maneno yote yakamkimbia, likabaki moja.

"Karibu," akasema.

Seremala hakuinua kichwa. "Asante, mzee. Nimeshiba."

Komeo akasimama. Hapo ndipo mtu huondoka. Alimtazama yule mtu usoni, akaona midomo iliyopasuka, mashavu yaliyobonyea. Hajashiba huyu. Wala hajakasirika. Anamngojea aseme kama anamaanisha.

"Karibu," akasema tena, taratibu, na sauti ikamkatika katikati. "Nilikudanganya. Chakula kipo. Nimekifungia pamoja na funguo zake. Mjukuu wangu..."

"Nimemsikia usiku kucha. Nikasema nikigonga utadhani nimefuata wali." Seremala alikwisha simama. Kutoka mfukoni akatoa nusu mkate, haujaumwa hata kidogo. "Mrudishie dada. Mtu mwenye mtoto mchanga ananipa mkate wake, ningeumezaje?"

Ndani, Komeo alimwonyesha kufuli. Seremala hata hakuligusa. Alilizunguka sanduku, akaligonga huku na huku, kisha akalipindua miguu juu. Ndani vitu vikaporomoka, funguo zikalia.

"Mzee, umefunga mdomo ukasahau makalio!"

Binti, kinywa kimejaa mkate, akapaliwa na kicheko. Patasi ikaingia kati ya mbao za kitako. Ubao wa kwanza ukagoma, ukalia, ukaachia. Komeo akatumbukiza mkono, akauvuta mfuko wa unga kama anayemtoa mtu kisimani.

Mtoto alipata maziwa kabla ya adhuhuri. Chakula kile walikila watatu, na maji yalipopungua siku sita baadaye, kilikuwa kimebaki cha siku moja.

Seremala alitaka kurudishia kitako. Komeo akakataa. Sanduku likabaki limepinduliwa pale sebuleni, na kufuli chini yake, limefungwa kwa uimara wote, halilindi kitu.

Mlango wao ukawa wazi kila mchana. Akipita mtu, Komeo husema "Karibu!" na mtu hujibu "Asante, nimeshiba." Komeo hutua tonge. Humtazama mtu usoni, na kabla hajasema ya pili, huigeukia kidogo ile pembe ya mkeka alipokuwa akikaa mkewe.