Wimbo wa Chakula Katika Wodi ya Wanaume

Mzee Kiilu aliletwa kutoka Kyuso kupasuliwa ngiri. Tangu alipoweza kuketi kitandani, hakuna mgonjwa aliyegusa kijiko kabla hajaimba. Kwao alikuwa mwalimu wa kwaya, na wimbo wake wa kushukuru kwa chakula, wa Kikamba, ulikuwa na beti sita. Aliuimba polepole, macho amefumba, wodi nzima ikimwitikia huku muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ukipoa kwenye sahani.

Aliyeteseka zaidi ni Njogu, dereva wa lori kutoka Murang'a aliyepata ajali karibu na Emali. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, umening'inizwa kwa kamba, lakini tumbo lilikuwa zima kabisa.

Siku moja, ubeti wa pili ulipoanza, Njogu akagonga chuma cha kitanda kwa kijiko. Kidogo kidogo akaongeza mwendo. Wagonjwa wakamfuata, na Kiilu, ambaye hakuwahi kukubali kuachwa nyuma na kwaya, akajikuta anakimbia nao. Wimbo uliisha muthokoi bado ukitoa mvuke.

"Umefanya maombi yakawa ngoma ya harusi," Kiilu akasema.

"Mungu amesikia mapema tu, mzee," Njogu akajibu.

Kesho yake Kiilu alinyamaza kwa hasira. Chakula kikagawanywa, na kwa mara ya kwanza watu wakaisikia wodi yenyewe: huyu anakohoa, yule anatafuna kama ng'ombe, mwingine anatapika kwenye beseni. Vijiko vikawekwa chini kimoja kimoja. Hata Njogu alisukuma sahani yake.

Sista Mbula, muuguzi wa zamu, alizikuta sahani zimejaa. "Mnataka daktari aseme siwalishi? Njogu, ongea na mzee."

Njogu akajikohoza. "Mzee wangu, nisamehe. Lakini imba ubeti mmoja tu kabla, hizo zingine tuimbe tukishashiba."

Kiilu akaelekeza kidole kwenye kijiko cha Njogu. "Kijiko utapiga wewe," akasema. "Lakini polepole, kama mtu ameokoka."

Jioni ubeti mmoja ukaimbwa, na sahani zikarudi jikoni tupu. Kiilu, kwa kushiba, alisinzia palepale alipoegemea. Hakuna aliyetaka kumwamsha. Njogu akaanza ubeti wa pili peke yake, kwa Kikamba cha kubahatisha, mpaka wale walioshonwa matumbo wakamwomba aache, maana kucheka kulikuwa kunawauma.