Kingo za Mtaro wa Baba

“Ulaze zaidi,” nilimwambia kaka. “Ukingo bado umesimama.”

“Nikiulaza zaidi nitalala nao,” alijibu, mkono kiunoni. Kisha akainama tena na jembe, udongo ukaporomoka taratibu hadi miguuni pake.

Mtaro huu unapita nyuma ya chumba cha mama. Baba aliuchimba mpana juu na mwembamba chini, kingo zake zimelala kiasi kwamba sisi watoto tulishuka na kupanda mbio bila kushika chochote. Jumamosi asubuhi alikuwa akiingia humo na fyekeo, viatu kavua, anapiga mluzi. Nyasi alizikata, hakuzing’oa.

“Hizi ni nguo za udongo,” alituambia. “Unapunguza pindo, humvui mtu nguo.”

Harufu ya nyasi mbichi ikiingia dirishani, tulijua chai haiko mbali.

Baba alipofariki, kaka alitaka kumuenzi. Kaka ni seremala; mtaani wanamwita Rula. Aling’oa nyasi zote, akachonga kingo wima, akazipima kwa timazi. Mtaro ukapendeza kama droo. Hata mimi nilimsifu. Mvua za kwanza zikapita humo kwa kasi, zikazila kingo kwa chini, na udongo ukaanza kumeguka vipande vipande. Sasa kati ya shimo na ukuta wa mama imebaki nafasi ya kupita kuku.

“Mama, hamia kwangu,” kaka alikuwa amemwambia asubuhi.

“Nikiache chumba nilichoishi na baba yenu tangu ujana? Tengenezeni mtaro. Ukiporomoka tena, nitahama bila kuburutwa.”

Ndiyo maana tulikuwa matopeni. Mchana mama alituletea maji ya kunywa, akasimama kututazama.

“Rula mwanangu, maji hayawekwi kabatini.”

“Nimekoma, Mama. Nilidhani usafi ni kuondoa kila kitu.”

“Hata baba yenu alidhani hivyo, mwaka wa kwanza. Tuliamka choo hakipo.”

Kaka alicheka mpaka akakaa kwenye tope. “Mbona hakutuambia?”

“Angewaambia, mngemsikiliza?”

Jua lilipoinama tulikuwa tumelaza ukingo wa upande wa chumba na kupanda vishada vya nyasi mpaka chini ya dirisha. Upande wa pili ulikuwa bado wima, na pale yanapoangukia maji ya paa tulikuwa hatujapanga mawe. Mawingu yalianza kukusanyika.

“Leo lala chumba cha mbele, Mama,” kaka alisema kwa upole.

Mama aliukanyaga ukingo mpya kwa ncha ya mguu, akausikilizia.

“Leo tu,” alisema. “Na kesho msichelewe.”

Tukavifunika vishada vilivyobaki kwa gunia lililolowa, visikauke kabla hatujarudi.